Apondi na Tangazo la Jumamosi

Ukitaka kumjua Apondi, usimuulize yeye mwenyewe. Muulize mumewe, Javan, soksi zake ziko wapi. Javan ni fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamume wa miraba minne, na nusu ya mageti ya mtaa wa Pioneer yamepita mikononi mwake. Lakini kwa hilo la soksi atashusha sauti kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu. "Katoni ya tatu kutoka chini, upande wa dirisha," atasema. "Za kazi kushoto, za kanisa kulia." Ukitaka kujua kunatokea nini akikosea, ya kazi ikaingia kwa za kanisa, atakwambia muongee mambo mengine.

Msimcheke Javan. Hata Mzee Mahamud, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini Eldoret ambako Apondi alikuwa mtunza stoo, alipitia hayo hayo. Kabla Apondi hajaajiriwa, misumari ya Mahamud ilikaa kwenye sufuria iliyotoboka, bawaba zilikaa ndani ya buti moja la mvua, na lile buti lingine hakuna aliyejua limekwenda wapi. Mahamud alikuwa anauza kwa kunusa. Mteja akitaka kitasa, mzee anasimama katikati ya duka, anafumba macho, anainama mahali, anaibuka na kitasa. Apondi alimwangalia siku mbili akifanya hivyo. Siku ya tatu akaja na makatoni yaliyokatwa vizuri, gundi, na kalamu nene ya wino.

Kila kibao alichoandika kilianza na neno lake alilolipenda kuliko yote duniani. PANGA BAWABA HAPA. PANGA RANGI KWA UKUBWA. PANGA MABOMBA, MAREFU NYUMA. Akabandika kote. Mahamud akasoma, akakuna ndevu.

"Apondi, mimi nauza panga, wallahi, ziko kule nyuma. Lakini wewe umeziandika duka nzima. Watu watafikiri sina kitu ingine."

"Hicho ni kitenzi, Mzee."

"Kitenzi ni nini?"

"Ni kazi. Nasema mtu apange."

Mahamud akaenda zake akinong'ona. Wiki ile ile mkulima mmoja kutoka Soy alisoma PANGA MABOMBA, akauliza kwa heshima kama siku hizi ukinunua bomba unapewa na panga la bure. Apondi hakubadilisha hata herufi moja. Alikuwa na msimamo kuhusu Kiswahili. Shelfu, kwa mfano, hakuziita shelfu. Aliziita rafu, kwa sababu mwalimu wake wa shule ya msingi kule Ugenya alimchapa kiboko ili aseme hivyo, na kiboko hakiendi bure. Eldoret nzima ukisema rafu watu wanafikiria mpira, mtu anavunjwa goti na refa anaangalia kando. Hilo halikumsumbua Apondi. Waliokosea ni wao.

Sasa, ile tabia ya kuandika kila kitu haikuanzia dukani. Ilianzia nyumbani, na ilianza vibaya.

Walikuwa wanaishi kwenye ploti ya nyumba nane, nne zikitazamana na nne, mfereji mmoja wa maji katikati, na stoo ya pamoja kule mwisho. Apondi na Javan walikaa namba tatu. Namba sita alikaa Tryphosa, fundi cherehani wa sare za shule, ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi pwani na kuonekana Krismasi kwa Krismasi. Hakuna aliyemwita Tryphosa. Aliitwa Mama Marvin, naye Apondi aliitwa Mama Bridgit, na hao wawili walikuwa wakigawana chumvi, majungu na kamba ya nguo.

Siku ya kwanza ya mwaka 2008, siku chache baada ya uchaguzi, moshi ukiwa umefunika mji mpaka jua la saa sita likawa jekundu, Tryphosa aligonga namba tatu na mtoto mgongoni, mwingine mkononi. Jina lake la ukoo lilikuwa la upande ambao wiki ile haukutakiwa. La Apondi halikuwa na shida. Mambo hayo huzunguka kama zamu ya kuosha choo cha ploti, na zamu ile haikuwa yake.

"Mama Bridgit," Tryphosa akasema, "sijui kama nitarudi." Akamtia ufunguo mkononi, akaondoka na wenzake kwenda uwanja wa maonyesho. Alilala huko ndani ya hema miezi sita.

Apondi alilia kidogo, akajifuta, kisha akaanza kubeba. Kila kitu kilichokuwa namba sita alikihamishia namba tatu kabla jua halijatua, na kila kitu alikiandika kwenye daftari la hesabu la Bridgit. Cherehani moja. Sufuria tano, moja bila mfuniko. Vijiko kumi na kimoja. Kwa miezi sita Javan alilala miguu yake ikigusa kabati la mke wa mtu mwingine, na alikatazwa kugusa chupa ya chai ya Tryphosa hata ile yao ilipovunjika. Vijana fulani walipokuja kuuliza namba sita ni ya nani na vitu vyake viko wapi, Apondi aliwatokea na daftari na kalamu.

"Karibuni," akawaambia. "Nianze na majina. Wewe hapo mbele, jina lako naandika vipi?"

Hakuna aliyetaka jina lake liandikwe mahali. Walianza kuangaliana, mmoja akakumbuka ana shughuli, wote wakaenda. Ndani, Apondi aliketi sakafuni, akalifunga daftari. Ndipo alipoamini, kabisa kabisa, kwamba kuandika kunaokoa watu.

Tryphosa alirudi mwezi wa Julai. Apondi akamsomea daftari lote, na alipofika kwenye vijiko akaanza kujitetea kwamba cha kumi na mbili amekitafuta mpaka nyuma ya choo.

"Mama Bridgit," Tryphosa akasema, "tangu nipewe kwa harusi vilikuwa kumi na kimoja."

Walicheka mpaka wakashikana. Halafu kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, wakabaki wameshikana hivyo hivyo mlangoni.

Basi, miaka mitano ikapita na uchaguzi mwingine huo, Machi 2013. Kuanzia Januari, watu wa Eldoret walishikwa na mapenzi ya ghafla kwa wazazi wao. Mtu ambaye hajaenda nyumbani miaka mitatu unakutana naye na godoro kichwani, eti anaenda kusalimia mama. Pale ploti, nyumba mbili zilishasalimia wazazi na kufunga milango. Na Tryphosa, watoto akiwa ameshawapeleka kwa dada yake, alikuwa na mabegi matatu nyuma ya mlango. Cherehani alikuwa ameivika gunia. Kila asubuhi anavuta gauni kutoka kwenye begi, kila jioni analirudisha, zipu inafungwa zwiip! Apondi anaisikia kutoka namba tatu.

Zipu hiyo ilikuwa inamkondesha. Hakutaka kupewa ufunguo wa mtu tena. Alitaka Tryphosa afungue mabegi, atundike nguo zake kwenye kabati kama binadamu, akae. Hicho tu ndicho Apondi alichotaka katika uchaguzi ule. Kura yenyewe alikuwa hata hajaamua.

Na kwa kuwa yeye ni Apondi, dawa aliyoiona ilikuwa kupanga. Ile stoo ya mwisho ilikuwa imejaa mpaka darini vitu vya waliokimbia mwaka ule wasirudi: vitanda, jiko bovu, magunia ambayo hakuna aliyethubutu kuyafungua. Vitu vya waliobaki havikuwa na pa kukaa, vikajaa barazani, hasa makatoni ya vitambaa ya Tryphosa. Ukipita na ndoo unapita kiubavu. Kumbe stoo ikisafishwa, ikawekwa rafu nane, kila nyumba na yake, nani atataka kuondoka mahali palipo na rafu yenye namba yake? Sisi ni wapangaji, Apondi akajiambia, na tangu tuhamie hapa hatujapanga kitu.

Alhamisi jioni akaandika tangazo. Kalamu nyeusi ilikuwa imekauka, akatumia nyekundu. Akalibandika getini, herufi kubwa, ili hata asiyevaa miwani asisingizie.

PANGA.
JUMAMOSI SAA TATU ASUBUHI.
KILA NYUMBA ITOE MTU MMOJA.
TUTAANZA NA NAMBA SITA.
LAZIMA TUMALIZE KABLA YA JUMATATU.
VIFAA VITALETWA.
ASIYEKUWEPO ASILAUMU MTU.
Ni mimi, Mama Bridgit, Namba 3.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kura. Nimeshaona mnashika vichwa. Apondi yeye aliona tangazo safi, lenye siku, saa na sahihi, akalala usingizi mzuri. Javan alilisoma akitoka kazini, akaona tu kwamba lina harufu ya kazi, akapita mbio kabla hajatajwa.

Ijumaa asubuhi Mahamud alijaza pikapu yake. Alikuwa amempa Apondi mbao za kreti za vioo na mipini kumi na miwili ya majembe iliyokataa kununuliwa, iwe miguu ya rafu. "Mimi nitapitisha Pioneer kabla ya swala," akasema. "Wewe funga duka saa saba, nenda nyumbani."

Kilichotokea pale ploti Apondi alikuja kusimuliwa baadaye na watu watatu, na wote watatu walikubaliana neno kwa neno. Mahamud alisimamisha gari getini, akaanza kushusha mipini, mmoja mmoja, akiiegemeza ukutani chini ya lile tangazo. Nanzala wa namba mbili, mama mwenye kibanda cha mboga na sauti ya kufika sokoni, akatoka.

"Mzee, hizi rungu ni za nani?"

"Za Apondi. Ni za ile shughuli ya kesho."

"Kumbe hata wewe unajua shughuli ya kesho?"

"Najua sana! Si mimi nimemsaidia na vifaa? Na kama haitoshi, mwambie dukani iko ingine mingi."

Nanzala akarudi nyuma kinyumenyume mpaka akaingia kwake. Komeo likalia. Tryphosa, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa namba sita akisikia kila neno, akauliza kwa sauti ndogo kama gari hilo hubeba mizigo ya watu. Mahamud akasema hubeba. Mpaka Plateau, kwa dada yangu? Hata Plateau, mama, saa nane nikitoka msikitini. Mahamud ni mfanyabiashara. Mtu akitaka kubebewa mzigo, yeye haulizi amekosana na nani.

Apondi alifika ploti saa saba na nusu akiimba. Akakuta kimya. Hakuna redio, hakuna nguo kwenye kamba, mfereji unadondoka peke yake. Akaona mipini imesimama mstari mmoja, akafurahi, akaita, "Wenyewe! Vifaa vimefika!"

Pazia la namba mbili likatingishika.

"Mama Bridgit," sauti ya Nanzala ikatoka nyuma ya dirisha, laini ajabu, "mimi sina ubaya na mtu yeyote. Hata ile sukuma wiki ya mwezi jana nilikusamehe."

"Nanzala, unaumwa? Mbona umejifungia mchana?"

"Si ni wewe umesema asiyekuwepo asilaumu mtu? Mimi niko. Umeniona niko. Tafadhali uandike kwa daftari yako kwamba niko."

"Watu wako wapi?"

"Wameenda kwa wazazi. Nyumba ya kwanza wametoka saa nne, hata sufuria ikiwa motoni. Na Mama Marvin yuko pale barabarani anangoja gari. Yeye si ndiye mnaanza naye? Ningekuwa yeye ningetoka jana!"

"Tunaanza naye nini?"

"Yawa, Apondi, usinitanie!" Dirisha likafunguka upana wa vidole viwili na kidole kimoja kikatoka kikielekea getini. "Si umeandika mwenyewe, na wino kama damu!"

Apondi akageuka, akasoma tangazo lake. Akalisoma kama mtu anayeitwa Nanzala. Neno la kwanza tu lilimtosha. Alipofika kwenye namba sita akageuka kuangalia mlango wa Tryphosa, na alipofika VIFAA VITALETWA akaangalia ile mipini kumi na miwili, akasema, "Mungu wangu, mimi nimefanya nini."

Akalichana tangazo getini, akaanza kukimbia. Na hapa ndipo akili ya mtu mwenye mpangilio humwacha kabisa. Alipofika hatua ya tatu akawaza kwamba atahitaji ushahidi, akarudi, akanyakua mpini mmoja. Akashika njia ya barabara kuu, karatasi ya wino mwekundu mkono huu, gongo mkono ule, kitambaa cha kichwa kimeanguka, siku tatu kabla ya uchaguzi, ndani ya Pioneer.

Watu walimpisha. Walimpisha vizuri sana.

Tryphosa alikuwa ameketi juu ya mabegi yake matatu kando ya barabara, cherehani ndani ya gunia miguuni. Alipomwona Apondi anakuja namna ile, alisimama. Akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa mkasi wa kukatia vitambaa, ule mkubwa.

"Usinikaribie!"

"Mama Marvin, ngoja! Huu ni wa rafu!"

"Naona!"

"Ni rafu tu! Nilitaka tufanye rafu, sisi wote wa ploti, tukianza na wewe!"

Waendesha bodaboda waliokuwa wameegesha pale waliwasha pikipiki. Mmoja alisikika akisema, huyo mama leo ameamua, amesema mwenyewe ni rafu.

"Weka hiyo kitu chini," Tryphosa akasema.

"Weka mkasi kwanza."

"Wewe ndiye umekuja ukikimbia!"

Hilo lilikuwa la haki. Apondi akautupa mpini mtaroni, akanyoosha karatasi kwa mikono miwili mbele ya uso wake, kama mtoto anayeonyesha mwalimu kazi.

"Panga, Mama Marvin. Kupanga! Kupanga stoo! Shelfu!" Kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema shelfu. "Nilitaka tupange vitu kwenye shelfu."

Tryphosa hakuushusha mkasi. "Tutaanza na namba sita?"

"Kwa sababu makatoni yako ndiyo mengi! Nikasema upate shelfu ya kwanza, ile nzuri ya karibu na mlango."

"Lazima tumalize kabla ya Jumatatu."

"Ili tuende kupiga kura stoo ikiwa safi."

"Asiyekuwepo asilaumu mtu."

"Kwa maana nitamtupia vitu vyake!"

Mwendesha bodaboda mmoja alilala juu ya tangi la pikipiki yake akicheka. Tryphosa hakucheka. Aliurudisha mkasi mfukoni polepole, akaketi tena juu ya mabegi, akaangalia barabara. Ndipo Apondi, sasa hatari ikiwa imepita, akapandwa na hasira, akamwita kwa jina lake, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Mimi, Tryphosa? Uliamini mimi? Nililala miezi sita na kabati lako kitandani, halafu ukasoma karatasi moja ukaamini mimi naweza kukukata?"

"Niliamini."

"Hivyo tu?"

"Yule aliyetufukuza mwaka ule," Tryphosa akasema, "kabla ya Krismasi nilikuwa nimemshonea mtoto wake sare. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Kwa hivyo usinishike na mambo ya nani anamjua nani. Mimi sijui tena watu wanajuaje watu." Akamgeukia. "Hebu niambie wewe. Ungekuta maneno hayo pale getini, mwandiko ni wangu, na imeandikwa namba tatu. Ungefanya nini? Na usinidanganye, mwaka huu majina yamebadilisha zamu, tunajua sote."

Apondi alifungua mdomo aseme angekuja kumuuliza. Alitaka sana kusema hivyo. Lakini Tryphosa alikuwa anamwangalia.

"Ningekuwa nimepita Kapsabet, naelekea Ugenya," akasema.

"Na Javan?"

"Javan angenikuta mbele."

Hapo mdomo wa Tryphosa ukacheza upande mmoja. "Begi lako liko wapi?"

"Begi gani?"

"Mama Bridgit."

Naomba radhi hapa. Kuna kitu sikuwaambia, kwa sababu Apondi naye hakuwa amemwambia mtu, hata Javan. Huyu mwanamke aliyekuwa akikondeshwa na zipu za wenzake alikuwa na begi lake, limefungwa tangu Desemba.

"Chini ya kitanda," akasema.

"Umeliandika?"

"Nimeliandika."

"Umeandika nini?"

"Mablanketi ya wageni."

Tryphosa alicheka mpaka akateleza kutoka juu ya mabegi akakaa chini kwenye vumbi, mkono tumboni, machozi yanatoka. Apondi akakaa kando yake. Mahamud alipofika na pikapu, kofia bado kichwani, aliwakuta hapo chini kama watu waliogongwa na kitu.

"Haya, Plateau?" akauliza.

Tryphosa akajifuta uso.

"Namba sita," akasema. "Lakini mabegi sifungui. Sikiliza, Mama Bridgit. Stoo yako tutapanga. Mabegi yangu yatakaa kwa hiyo rafu, na lako la wageni likae kando yake. Mlango Javan auwekee kufuli mbili. Ufunguo mmoja niwe nao mimi, mwingine wewe. Anayetaka kukimbia lazima aje amgongee mwenzake."

"Na mwenzake akisema ngoja?"

"Atangoja. Ama tutaenda wote."

Jumamosi saa tatu walipanga. Nyumba tatu tu ndizo zilizokuwepo, pamoja na Javan, aliyekamatwa akiwa na mguu mmoja nje ya geti. Nanzala alifungua yale magunia ya zamani, akakuta ni mahindi yaliyogeuka unga wa wadudu, akapiga mayowe ya kuzibua masikio. Rafu zilisimama. Kitu kimoja tu kilimshinda Apondi siku ile: alipotoa kalamu nene, watu wote walisema kwa pamoja, "Usiandike!" Rafu za stoo ile hazina maandishi mpaka leo.

Kufuli mbili zilikuwa balaa. Aliyetaka ndoo yake alitakiwa atafute wanawake wawili. Jumatatu walipiga kura kwenye foleni ndefu isiyoisha. Jumanne matokeo yakaanza kuja polepole, Jumatano yakakwama, na redio zikaanza kuongea kwa ile sauti ya kutuliza watu, ambayo ndiyo huwatia watu hofu. Jumatano jioni hiyo, kabla ya taa kuwashwa, kulibishwa hodi namba tatu.

"Leta ufunguo wako," Tryphosa akasema. "Nataka mabegi yangu."

Apondi akachukua ufunguo wake, wakafuatana mpaka stoo, wakafungua, huyu kufuli ya juu, yule ya chini. Tryphosa alitoa mabegi moja moja. Apondi alisimama na mgongo ukutani akingoja aanze kuelekea getini, huku akihesabu ni muda gani utamtosha kumwita Javan na kuvaa viatu.

Tryphosa aliingia namba sita. Mlango ukabaki wazi. Baadaye kidogo ikasikika zipu, halafu vyuma vya henga vikigongana ndani ya kabati, gauni baada ya gauni. Alipomaliza alitoa kichwa nje, akauliza kama kuna mtu mwenye chumvi.

Matokeo yalitangazwa Jumamosi. Mji ulipiga honi sehemu fulani na kunyamaza sehemu nyingine, na hakuna moshi ulioonekana. Jumapili watu wakaenda kanisani. Waliokuwa wamesalimia wazazi wakarudi na magodoro yao. Rafu ile ya karibu na mlango ikabaki na begi moja tu, la mablanketi ya wageni. Tryphosa alileta ufunguo wake ili walitoe, Apondi akasema kesho. Kesho yake akasema ana kazi dukani. Likapita juma, likapita la pili.

Mwisho Tryphosa alichoka. Alimwomba Javan ule ufunguo wa Apondi, akabeba begi mwenyewe, akaliweka juu ya kitanda namba tatu na kulifungua huku Apondi amesimama tu mlangoni. Ndani mlikuwa na vyeti vya shule vya Bridgit, sweta mbili, picha za mazishi ya mama yake, dawa za presha, shati la Javan la kanisa.

"Hili shati linakaa wapi?" Tryphosa akauliza.

Apondi akaangalia makatoni yake ukutani, yote na maandishi yake mazuri, na hakuweza kukumbuka.

"Weka tu popote," akasema, akaketi kitandani akaanza kulia.